Siku Niliposema Mimi Sifi

Mama Faraja mke wangu,

Najua barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Umelala pale kilimani chini ya mikaratusi, hukohoi, hudai sweta, na hakuna anayekuamsha kukuuliza chumvi umeiweka wapi. Hali inayotafutwa ni yangu. Haya, mimi ni mzima nusu. Nusu ya pili ina hofu, na hiyo ndiyo imeshika kalamu. Darasa la nne langu unalijua, kwa hiyo ukikuta nukta haipo mahali pake, iweke mwenyewe. Una muda.

Usicheke kwanza. Nakuona unavyoanza kucheka, mkono mdomoni, kana kwamba pengo lako la mbele ni siri kati yako na padre. Ngoja nikwambie ndipo ucheke, kama utaweza.

Mwezi uliopita nilianguka bafuni. Asubuhi, baridi ya Matogoro unaijua, nimeinama kuchota maji ya moto kwenye ile ndoo uliyoikataza isitumike kwa sababu ina ufa. Nikaona ukuta unainama kunisalimia. Niliposhtuka nilikuwa chini, shavu kwenye saruji, na ulimi mzito kama kwato. Nataka kuita, inatoka sauti ya mbuzi. Namshukuru Mungu nilikuwa nimeshavaa suruali, maana ningekufa na aibu juu.

Skola akaja. Akasimama mlangoni na kanga yake kichwani, akaniangalia. Nikamtolea macho yote niliyonayo. Akasema, "Baba kalala."

Akaondoka. Nikasema moyoni, kaenda kuita watu. Akarudi na kile kitenge chako chenye tausi. Akanifunika vizuri, mpaka kidevuni, akachomeka pembeni kama ulivyomfundisha kumfunika mtu asiingiwe na baridi. Halafu akakaa kwenye lile jiwe la kusugulia miguu. Akakaa, Mama Faraja. Jua likatoka upande wa mpera, likapanda, likafika juu ya bati. Katikati aliondoka mara moja akaleta kiporo cha ugali kwenye sahani, akakiweka karibu na pua yangu. Sisimizi wakala. Mimi na yeye tukawatazama.

Aliyetuokoa ni chekeche. Bi Somoe, yule jirani yetu mzaliwa wa Nakapanya, Tunduru, anayeuza korosho na mihogo pale barabarani, alikuja kuazima chekeche la unga. Nikamsikia uani.

"Skola mwanangu, baba yuko wapi?"

"Kalala."

"Saa hizi? Kalala wapi?"

"Bafuni."

Basi hapo Bi Somoe alitupa kapu lake, akaingia huku anataja majina ya Mungu yote anayoyajua. Kama siku ile chekeche lake lisingetoboka, leo barua hii ningekuletea mkononi.

Daktari alisema ni presha, akanipa vidonge, akanikataza chumvi, baridi na pombe ya ulanzi. Chumvi nimeacha. Mguu wa kushoto unaburuta kidogo, ulimi umerudi wote, na wanaonifahamu wanasema bora ungerudi nusu. Lakini tangu siku ile nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Siogopi kufa. Kufa nimekuona kwa watu wengi, si kazi ngumu, hata wajinga wanaiweza. Naogopa lile jiwe. Naogopa siku ambayo Bi Somoe atakuwa kaenda kwao Tunduru kwenye harusi, nami nimelala pale kweli, na Skola amenifunika, amekaa, jua linapanda na kushuka, ananiletea ugali siku ya kwanza, anauleta siku ya pili.

Na wewe una sehemu yako katika hili, usijifiche huko. Nani alimfundisha Skola kwamba aliyelala haamshwi? Wewe. Ulichoka kuamshwa alfajiri, ukamwambia wiki nzima, miezi mizima, "Skola, mtu akilala, mfunike, mwache." Likaingia. Unajua jambo likiingia kwa Skola halitoki. Na siku yako ya kuondoka, alipouliza kwa nini umefungwa pamba puani, sisi watu wazima wenye akili zetu tukamwambia nini? Mama kalala, usimwamshe. Akakufunika miguu. Kila mtu akalia akasema tazama mtoto alivyo na upendo. Hakuna aliyeona kwamba tumemfundisha somo baya.

Unakumbuka alivyozaliwa? Mvua ile, nakusukuma kwenye baiskeli ya kuazima, wewe nyuma umeng'ata shati langu mpaka likachanika. Ulikaa na uchungu siku mbili. Mtoto akatoka wa bluu, kimya. Muuguzi akasema, "Huyu msimtegemee sana." Mama yako akasema tusimwandikishe kwanza, tungoje tuone. Tukangoja. Mtoto hakai, tukangoja. Hatembei, tukangoja. Ulimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inagonga magoti yako. Siku aliyotembea kutoka jikoni mpaka mlangoni, ana miaka saba, uliachia chungu cha maharage kikamwagika chote, ukakaa chini katikati ya maharage ya moto ukapiga makofi. Tulilala njaa. Sijawahi kulala njaa nzuri kama ile.

Lakini cheti tukaendelea kungoja. Leo ana miaka zaidi ya thelathini na tulikuwa bado tunangoja tuone.

Halafu akaja Faraja, mzima, analia mpaka majirani wanahama. Na hapa ndipo ninapotaka kukukumbusha jambo ambalo hatukulizungumza vizuri. Kwetu mzazi huitwa kwa mtoto wa kwanza. Kila mtu anajua. Lakini Faraja alipofikisha siku arobaini, watu wakaanza: Mama Faraja, Baba Faraja. Kanisani hivyo, kwenye jumuiya hivyo, mpaka shule. Walidhani wanatusitiri. Nasi tukaitika. Siku moja tunapalilia mahindi, ukasimama ukaegemea jembe ukaniuliza, "Baba Faraja, na yule mwingine hana wazazi?"

Nikakujibu, "Yule ni wa Mungu. Baba Skola ni Mungu mwenyewe, muulize karo."

Ukacheka. Lakini baada ya kucheka ulipalilia matuta mawili bila kusema neno. Niliyahesabu. Sikuuliza.

Nilikuwa hivyo maisha yangu yote, na ndivyo ulivyonipendea, sasa huwezi kurudisha. Jambo likiwa zito, mimi natafuta pa kulichekeshea. Kosa kubwa kuliko yote nililifanya kwenye msiba wako.

Hukuwepo, au ulikuwepo kwa namna yako, basi nikusimulie. Siku ya kuondoa matanga watu wamejaa uani. Watani walishafanya kazi yao: mmoja alivaa gauni lako akawa anatembea kama wewe, mkono kiunoni, anagombeza kuku. Walikupatia kweli. Mzee wa ukoo akagawa vitu. Jembe, vitenge, ile redio. Halafu akasema, "Limebaki moja. Skola. Baba yake naye ni mtu mzima. Ukoo ujue leo: mzee akifuata, Skola yuko mkononi mwa nani?"

Kimya. Mama Faraja, nimekaa kwenye vimya vingi, lakini kile kilikuwa na uzito wake. Faraja akaangalia kucha zake. Mume wake akaangalia mlima. Wajomba wakawa wanasoma magazeti ambayo hawakuyashika. Kuku akapita katikati, akasimama, akatuangalia sote, akaona hapamhusu. Skola amekaa mkekani miguu mbele, anatabasamu kwa kila mtu.

Sikuweza kukivumilia. Nikasema, "Jamani, Skola mnamtafutia mlezi wa nini? Mimi sifi. Mungu kaona ninavyokula, kaamua niendelee kuwalia ninyi chakula huku huku."

Uani pakapasuka. Mzee wa ukoo alicheka mpaka akafuta machozi na ncha ya koti. Mtani mmoja akanipigia kelele, "Mfiwa, umetupokonya kazi." Skola akapiga makofi. Chakula kikaletwa. Jambo likaisha hapo, na halikurudi tena. Utani msibani ni kazi ya watani, mfiwa kazi yake ni kulia na kujibu akiulizwa. Mimi nikafanya ya wenzangu, yangu nikaiacha. Watu wote pale walikuwa wametegwa na swali, mimi nikawafungulia mlango wakatoka wanakimbia.

Nilipotoka hospitali Bi Somoe alikaa kwenye kigoda chako, akaniambia, "Mzee, nikuseme?"

Nikamwambia, "Ukiacha kusema utaumwa."

"Utani wako karibu uue mtu. Jumatano kuna binti pale ofisi ya kata, msaidizi wa sheria, anaandikia watu wosia bure. Utakwenda?"

Nikamwambia kuandika wosia ni kujichuria. Wazee wetu walikufa wote bila karatasi na wakafa vizuri tu.

"Wazee wenu walimwacha Skola?"

Nikafunga mdomo. Unajua hilo hutokea mara ngapi.

Tukaenda, mimi, yeye na Skola, naye kavaa lile gauni la Pasaka. Msaidizi wa sheria ni binti mdogo, ana miwani, akaniamkia shikamoo kwa heshima mpaka nikajiona nimezeeka zaidi. Akatoa karatasi. Jina. Umri. Nikamwambia aandike mkubwa. Akauliza, "Mzee, una watoto wangapi?"

Nikajibu, "Mmoja. Faraja."

Akaandika. Halafu akamwangalia Skola, aliyekuwa amekaa ameshika fimbo yangu kwa mikono miwili.

"Na huyu, mzee?"

"Huyu ni Skola."

"Ni nani wako?"

Mke wangu, nilikaa. Ulimi ule ule ulioniletea fujo bafuni ukawa mzito tena, na safari hii si presha. Yule binti hakuniharakisha. Alichukua kalamu, akafuta moja, akaandika mbili. Bi Somoe akajifanya anatafuta kitu ndani ya kapu.

Akanieleza mambo, na nitakueleza kama nilivyoyashika. Skola hana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo siku nitakapoondoka mtu yeyote anaweza kusimama mahakamani akasema mzee alikuwa na mtoto mmoja, na shahidi wa kwanza ni mimi mwenyewe, maana watu wote wananiita Baba Faraja. Tuanze na cheti cha ubatizo, kitasaidia kupata kile kingine. Pili, mtu akifa bila wosia, ukoo ndio unakaa na kugawa, na nyumba inaweza kuuzwa Skola yumo ndani anafagia. Tatu, nikisema tu "nyumba ya Skola" bila kuweka mtu wa kumsimamia, siku moja atakuja mjanja na biskuti na karatasi, Skola atabonyeza dole gumba kwa furaha, anavyopenda wino. Nne, na hili lilinikaa, alisema, "Mzee, anayemlea na anayeshika mali wasiwe mtu mmoja. Waangaliane."

Nikamwambia, "Binti, umeolewa?"

"Bado, mzee."

"Ndiyo maana una akili."

Nikajua nimeanza tena. Nikanyamaza. Akaniambia nirudi na majina mawili, moja la mlezi, moja la msimamizi, na nirudi na mashahidi wawili wanaojua kusoma, mmoja wa ukoo, mmoja mtu baki, wasiwe warithi. Karatasi nikaja nayo nyumbani ikiwa na mapengo mawili, kama mdomo wako. Nikaiweka chini ya godoro. Sikulala juu yake vizuri hata siku moja.

Kwanza nikaenda kwa mdogo wangu Gervas. Unajua hofu yangu juu ya Gervas. Tangu nipangishe vile vyumba viwili vya mbele kwa wanafunzi wa chuo, kila akija anavipima kwa macho. Nikamkuta anachonga mpini. Nikamweleza. Akaweka panga chini.

"Kaka, makaratasi ya nini? Ukoo haupo? Unatutukana."

"Ukoo ulipoulizwa ulisema nini?"

Akapangusa mpini kwa kiganja. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yananizunguka kichwani. "Siku ile nilikuwa nimenyanyua mkono, kaka. Nilikuwa nyuma, karibu na banda. Nilinyanyua. Wewe ukachekesha watu. Nikaushusha."

Nikamtazama. Sijui, Mama Faraja. Sijui kama mkono ule ulinyanyuka. Nimeuliza watu kwa ujanja, hakuna aliyeuona, lakini hakuna aliyekuwa anaangalia nyuma, wote walikuwa wananiangalia mimi. Labda ni kweli. Labda ameutengeneza mkono huo pale pale kama alivyokuwa anatengeneza mpini. Kama ni kweli, basi miaka hii yote Skola alikuwa na mtu, mimi nikamfukuza kwa mdomo wangu. Kama si kweli, basi ninamkabidhi nyumba mtu anayeweza kusema uongo bila kupepesa. Yote mawili yananitisha, sijui lipi zaidi.

Faraja nilimfuata Namtumbo. Nilimkuta anafunga tumbaku, vidole vimejaa weusi. Alidhani nimekwenda kumtembelea, akachinja kuku. Nilipomwambia, hakulia. Heri angelia. Alisema, "Baba, tangu nina miaka sita najua Skola ni wangu. Nikienda kucheza mnasema nenda naye. Nilipoolewa mama aliniambia usiende mbali. Hamkuniuliza hata mara moja. Siku ya matanga ndiyo ilikuwa siku ya kuniuliza. Nilikuwa naangalia kucha nangoja uniite jina. Ukawachekesha watu."

"Sasa nakuuliza."

"Niulize mbele ya mume wangu. Na usicheke."

Tukamngoja mume wake arudi kutoka shambani. Nilikaa kwenye kile kiti mikono magotini kama kijana aliyekwenda kuposa. Alipofika nikasema, "Mkwe wangu, nitakufa. Naomba Faraja amlee Skola." Basi. Sikuweka kachumbari yoyote. Yule kijana alikaa, akavua kofia, akasema, "Baba, mimi sijui niongee naye nini. Namwogopa kidogo." Nikamwambia hata mimi mwanzo nilimwogopa. Ni kweli, wewe ni shahidi, wiki ya kwanza sikumshika. Akasema atajifunza. Akaomba Skola awe anakwenda kwao siku chache kila mwezi, azoee wao, nao wamzoee, maana kuja kumng'oa siku ya msiba ni ukatili. Mimi nilidhani kijana yule hana kitu kichwani ila bei ya tumbaku.

Basi tukaandika. Mlezi, Faraja. Msimamizi wa nyumba na shamba, Gervas, na kila mwaka aonyeshe mbele ya Faraja na ukoo kodi ya vyumba imemlisha Skola vipi. Nyumba isiuzwe Skola akiwa hai, hata bati moja lisiuzwe. Kwa shahidi wa ukoo nilimpata mzee yule yule aliyecheka mpaka akafuta machozi. Mtu baki ni Bi Somoe. Alisoma karatasi yote neno kwa neno mpaka yule binti akaangalia saa, kisha akatia sahihi akasema, "Inshallah isitumike karibuni." Nakala moja iko kwa Faraja, moja mahakamani, moja kwa padre, ambaye nimemwambia asiichanganye na matangazo ya ndoa.

Unadhani baada ya hapo nililala. Nami nilidhani.

Yule binti wa sheria aliniuliza swali moja la mwisho nikiwa mlangoni. "Mzee, yeye Skola umemwambia?"

Jioni ile tukiwa jikoni, Skola anachochea moto, nikamwita.

"Skola, baba akiondoka, utakaa na Faraja. Sawa?"

"Baba anakwenda sokoni?"

"Hapana. Baba akifa."

Akatikisa kichwa, anatabasamu, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Baba hafi."

"Nani kakwambia?"

"Baba."

Akapiga makofi. Makofi yale yale ya siku ile, Mama Faraja. Watu wote uani walijua ni mzaha. Walicheka, wakala, wakasahau. Ni mtu mmoja tu aliyechukua neno langu akaliweka, na unajua likiingia kwake halitoki. Yeye hakuwa na hofu miaka yote hii kwa sababu baba yake alisimama mbele ya ukoo mzima akaahidi. Nilitoka nje nikasimama karibu na mpera mpaka ugali ukapoa.

Jumapili moja, baada ya misa, niliita ukoo tena uani pale pale. Nikawasomea karatasi. Walikuwa wananitazama midomo iko tayari, wanangoja. Unajua wanavyonitazama. Niliona mpaka mahali pa kuweka mzaha palivyokuwa pazuri, pamefagiwa. Nikapita. Nikasema, "Siku ya matanga nilisema mimi sifi. Nilisema uongo. Nitakufa. Na mimi ni Baba Skola, aliyetangulia ni Skola, Faraja kamfuata. Nimemaliza." Hakuna aliyecheka. Gervas alikuwa nyuma karibu na banda, na safari hii mkono nikauona. Aliunyanyua juu kabisa, mpaka watu wakageuka. Nami bado sijui.

Karatasi zimekwisha, na cheti cha Skola tumeshakiombea kwa kile cha ubatizo. Lakini karatasi haitatoka bafuni kwenda kumwita Bi Somoe.

Kwa hiyo sasa nimeanza kazi nyingine, na hapa ruksa kucheka. Kila siku saa kumi jioni, mgonjwa wa presha niliyekatazwa baridi, nakwenda kulala kwenye saruji ya bafu, nafumba macho, naita, "Skola, njoo." Anakuja. Ananifunika. Anakaa kwenye jiwe. Nafungua jicho moja namwambia, "Nenda kwa Bi Somoe, sema baba hasemi." Ananiwekea kidole mdomoni, "Ssh. Baba kalala." Tunarudia. Bi Somoe anangoja upande wa pili wa ua, anachekecha unga usiohitaji kuchekechwa.

Siku ya kumi alisimama. Siku ya kumi na tatu alifika kwenye mpera, akarudi kunifunika mguu uliotoka nje. Wapangaji wanadhani mzee amechanganyikiwa. Mmoja alinikuta pale chini akaniuliza kama niko salama, nikamwambia aache kelele, nimekufa.

Kumfundisha Skola kuwasha moto ulitumia miaka miwili. Nilikucheka. Nilikuwa nakuuliza kila asubuhi, "Mwalimu, leo ni siku ya elfu ngapi?" Wewe hunijibu, unampa kiberiti tena, njiti inazimika, unampa nyingine. Sasa hivi moto wa nyumba hii anauwasha yeye. Mimi miaka miwili sina. Hilo ndilo linaloniamsha: si kwamba hatajifunza, atajifunza. Ni nani atafika kwanza.

Jana alifika mlangoni kwa Bi Somoe. Aligonga. Bi Somoe akatoka, akamwambia, "Ee mwanangu, sema." Skola akasimama pale, kitenge chako cha tausi mkononi, mdomo wazi. Hakusema kitu. Lakini alisimama, hakurudi, mpaka Bi Somoe alipomshika mkono wakaja wote.

Ukimwona huko yule Baba Skola mwingine niliyemtaja siku ile tunapalilia, mwambie nimerudisha jina langu. Na mwambie asubiri kidogo, kuna mtu bado anajifunza.

Lala, Mama Skola. Kesho saa kumi nitakufa tena.

Mumeo,
Baba Skola